Kwa Mjomba Hamad, Juu ya Simai na Chuo

Jang'ombe,
Unguja.
12 Oktoba, 1971

Mpendwa Mjomba Hamad,

Shikamoo. Zamu yangu ya hospitali imeisha asubuhi, nimekaa ukumbini kwetu na karatasi mapajani, na jambo la kwanza ninalotaka kulijua ni afya yako. Kile kifua kilichokusumbua kipupwe kilichopita kimepoa? Mkaza mjomba Borafya hajambo? Na watoto je? Mtu mmoja aliyeshuka kutoka huko Kigoma alituambia kwamba yule mdogo ameanza kutembea na hashikiki. Mungu amkuze.

Sisi huku tunamshukuru Mola. Magoti ya mama ni yale yale. Siku za mvua anatembea kwa kushika ukuta, siku za jua anasahau kama anaumwa na kwenda mwenyewe Darajani. Mwaka huu vuli imeanza mapema. Ramadhani i mlangoni na watu wanahangaika na foleni za mchele na sukari, basi ukituombea dua, tuombee na hilo.

Barua yako ya mwezi wa nane tuliipata. Nimechelewa kuijibu, na si kwa kukosa nafasi. Uliuliza mbona Simai hakuandikii, na sasa yuko mwaka wa pili. Ukauliza pia kama ni kweli fizikia ya chuo kikuu ni ngumu kama wanavyosema wenzako wa stesheni, wale uliowaeleza kwamba una mpwa atakayekuwa mtaalamu. Nilipomsomea mama maneno hayo, aliinuka akaenda uani.

Mjomba, Simai hayuko chuoni. Alirudi nyumbani mwezi wa nne. Alianguka mitihani ya mwaka wa kwanza na akaambiwa asiendelee. Kila tulipokuandikia kwamba hajambo, kwa mwili alikuwa hajambo kweli, lakini hili kubwa tulilinyamazia kwa sababu mwenyewe alituomba kwamba katika watu wote, wewe usijue. Juzi ndipo aliponambia, "Mwandikie Mjomba, dada. Mie mkono haunyanyuki." Kwa hivyo nakuandikia mimi, na nitakueleza kama nilivyoona, kwani najua swali litakalokujia ni lile lile lililotujia sisi. Vipi yeye?

Wewe ulimwacha mdogo, ukimfundisha kujumlisha kwa mbegu za ubuyu hapo barazani. Alivyokuwa mkubwa hukumwona. Simai alikuwa akisikia jambo mara moja limekwisha ingia. Wenzake wa mtaa huu walikuwa wakikaa chini ya taa ya barabarani na madaftari yao, yeye yuko Mnazi Mmoja anacheza mpira. Hesabu za skuli alikuwa akizifanya asubuhi kwa kusimama, kalamu mkono mmoja na mkate mkono mwingine, mama akimwambia chai inapoa. Na akirudi, zote sahihi. Maelezo ambayo mwalimu aliyasoma darasani na wao wakayaandika, Simai aliweza kukutolea neno kwa neno, hata pale mwalimu alipokohoa angekuonyesha. Mtihani ukija unauliza yale yale, na yeye anayatoa yale yale. Kila mwaka akawa wa kwanza.

Mwalimu Nahodha, aliyemsomesha hesabu mpaka kidato cha sita, alikuwa akimwambia mbele ya wenzake, "Simai, weye nyamaza. Waachie wengine." Tukacheka, tukafurahi. Majirani wakawa wanawaleta watoto wao wamwangalie tu, kama kwamba akili inaambukiza.

Alikuwako mwenzake mmoja, jina lake Bakar, kijana wa Uroa aliyekuwa akilala dakhalia, bweni la skuli. Huyo alikuwa mzito. Jioni nyingi alikuja hapa kwetu kumwuliza Simai, na Simai alikuwa akimnyang'anya penseli na kumaliza hesabu upesi ili watoke wakacheze. Bakar hakukubali. "Usinifanyie," alikuwa akisema. "Nambie kwa nini umeileta huku hii." Simai akijaribu kumwambia, mara nyingi alikuwa hajui la kusema. "Si unaona tu?" ndilo jibu lake. Yeye aliona tu, na Bakar haoni, basi wakawa wanakaa hapo mpaka adhana ya magharibi, mmoja amechoka kuuliza na mwengine amechoka kuulizwa.

Wote wawili walichaguliwa kwenda chuo kikuu Dar es Salaam, mwaka jana mwezi wa saba. Bakar alipita kwa shida, jina lake lilikuwa karibu na mwisho. Mama alipika halua mwenyewe, tukasomewa dua, na Mwalimu Nahodha alikuja kwa miguu kutoka kwake Kiponda akamshika Simai mkono akamwambia kwamba huko ataendelea kuwaonyesha. Kila mtu alimwambia hivyo. Nyumba nzima ilijaa maneno hayo, na yeye aliondoka nayo.

Mwanzo aliandika kila wiki. Alieleza juu ya chakula cha chuo, juu ya wanafunzi kutoka kila pembe, Wahaya, Wachaga, hata watu wa Uganda na Malawi. Kisha barua zikawa fupi. Likizo ya mwezi wa kumi na mbili hakuja, alisema anasoma. Mama alifurahi. Mimi sikufurahi, Mjomba, kwa sababu Simai na kusoma wakati wa likizo ni vitu viwili visivyokaa pamoja.

Mwezi wa kwanza hospitali ilinituma Dar kumsindikiza mgonjwa. Nilipomaliza kumkabidhi nikapanda basi kwenda chuoni. Ilikuwa siku ya kazi, saa tano mchana, wanafunzi wanapita na vitabu kwapani. Nikaonyeshwa chumba chake. Nilibisha hodi, kimya. Nikasukuma mlango, nikamkuta kitandani amejifunika shuka mpaka kichwani na jua limejaa chumba kizima.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

Alikaa. Alikuwa amekonda, ndevu zimemtoka ovyo. Aliniangalia kama mtu aliyefumaniwa. "Siumwi, dada. Umekuja lini?"

"Leo hamna darasa?"

"Lipo."

Nilifungua kikapu nikampa mkate wa mofa aliopikiwa na mama. Aliumega akawa anauzungusha mkononi, hauli. Kisha alianza kusema, na aliposema hakuniangalia.

Alinambia kwamba wiki za mwanzo alikaa darasani kama alivyozoea, anasikiliza tu, haandiki, kwa sababu mambo ya mwanzo yote aliyafahamu. Mwalimu anaingia, anaujaza ubao, anafuta, anaujaza tena, anatoka. Darasa limejaa watu na hakuna anayejua jina lako. Siku moja ikapita hatua ambayo hakuiona. Akangoja, kwani siku zote akingoja kidogo mambo humjia yenyewe. Safari hii hayakuja. Masomo ya wiki iliyofuata yaliegemea juu ya yale yaliyompita, na ya baadaye juu ya hayo, mpaka akawa anakaa pale anasikia Kiingereza kinapita juu ya kichwa chake.

"Jaribio la kwanza liliporudi," alisema, "nikadhani wamekosea jina. Dada, wallahi nilidhani ni karatasi ya mtu mwengine."

"Ukafanya nini?"

"Nikasoma kwa moyo. Nikakariri kurasa kwa kurasa. Nikaingia mtihani wa pili, hawakuuliza hata moja kama lilivyoandikwa. Wanakupa kitu hujapata kukiona, wanataka ukitengeneze mwenyewe. Sijui pa kuanzia. Mie nikiona, naona. Nisipoona, sina njia."

Nikamwuliza kwa nini asiende kwa mwalimu. Alisema viko vipindi vidogo vya mazoezi, ambavyo mtu huitwa ubaoni, na yeye ameacha kuvihudhuria. "Niitwe nisimame pale nisijue? Mbele ya watu wanaojua mie ndiye wa kwanza Unguja?"

"Na Bakar? Yeye hasimami?"

"Bakar anasimama kila siku. Anakosea, wanacheka, anacheka nao, anafuta anaandika tena. Bakar ataona haya ya nini? Yeye kazoea."

Neno hilo, Mjomba, limenikaa mpaka leo. Unakumbuka mimi mtihani wangu wa uuguzi niliurudia, na siku nilipoanguka nililia lakini kesho yake nikaenda kwa sista nikamwambia anifundishe tena tangu mwanzo. Sikuwa shujaa. Mimi tangu darasa la kwanza nilizoea kutojua. Nimeishi na kutojua kama mtu anavyoishi na jirani mkorofi, nikajua namna ya kupita mlangoni kwake. Simai hakuwahi kuonana naye mpaka alipofika umri wa miaka ishirini, mbali na kwao, peke yake, na alipomwona alijifunika shuka.

Nilimsihi aende kwa mwalimu wake kabla ya wiki kwisha. Aliniahidi. Nilipokuwa nikishuka ngazi nikakutana na Bakar, amebeba vitabu, jasho linamtoka. Alinisalimu kwa furaha kisha uso ukamharibika. Akaniambia, "Dada Mwanakheri, kila nikimfuata ananambia ana kazi. Tuna kikundi chetu, tunakaa baada ya chakula tunasomeshana. Siku moja nilimvuta akaja. Akakaa. Wenzetu wakawa wanaulizana mambo ambayo yeye hajui, akainuka akasema anakwenda kunywa maji. Hakurudi tena."

Nilirudi Unguja nikamweleza mama kwamba mwanawe amekonda na masomo yanamwelemea. Mama alisikia hilo la kukonda tu. Alimpelekea samaki wa kukaanga na visheti, na kwa kila mtu aliyevuka kwenda Dar akampa kifurushi. Hilo la masomo kumwelemea Simai halikuweza kuingia katika sikio la mtu yeyote hapa, na mimi sikujua namna ya kulisema wakalisikia.

Mwezi wa tatu wakafanya mitihani. Mwezi wa nne alitokea mlangoni na sanduku lake. Mama alidhani ni likizo. Alipika wali wa nazi akaita watu. Simai alikula, akawaitikia watu, akalala. Siku zikapita. Siku moja tumekaa mkekani tunakula cha mchana, mama akamwuliza kwa upole, "Unarudi lini, baba, nikuanikie papa wa kuchukua?"

"Sirudi, mama."

"Hurudi wiki hii?"

"Sirudi tena. Nimeanguka. Wamenifukuza."

Mama aliweka tonge chini. Kisha akasema, "Nani kakuroga?"

"Hakuna aliyeniroga. Masomo yamenishinda."

"Weye?" mama akasema. "Masomo yakushinde weye?"

Hakumwambia kwa ubaya, Mjomba. Alimwambia kwa mapenzi, kama alivyomwambia maisha yake yote. Lakini nilimwona Simai uso ulivyomsawijika. Alinawa mikono akatoka, na kuanzia siku hiyo akawa hakai na watu. Mama alimpeleka kwa shekhe akaandikiwa kombe, aya zilizooshwa kwa maji, akalinywa lote bila ya kubisha. Alinambia baadaye kwamba alitamani kweli iwe ni husuda, kwani husuda hutolewa.

Mwalimu Nahodha alikuja kumtazama. Simai alikataa kutoka chumbani. Mzee wa watu alikaa barazani na mimi, kofia yake gotini. Kisha akasema, "Mie nilimpenda kwa sababu alinipumzisha. Mwalimu ukisomesha watu wazito mchana kutwa, ukimpata mmoja anayeshika, unamwangalia yeye tu, roho inatulia. Sikumpa hata siku moja hesabu ya kumtoa jasho. Nilikuwa nazo, Mwanakheri. Zimo vitabuni kwangu. Nilisema ya nini kumsumbua, na mtihani hauziulizi." Aliondoka bila ya kumaliza kahawa.

Sitaki kumlaumu mtu. Chuo hakikumfanyia ubaya, na walimu wake wa huko nasikia milango yao iko wazi kwa mwenye kubisha. Mwalimu Nahodha amewatoa vijana wengi. Mama ni mama. Lakini nikiyaweka yote pamoja naona kwamba sote tulimsifu Simai kwa jambo ambalo hakulifanya. Kuona upesi alizaliwa nako. Jambo ambalo angelifanya mwenyewe, la kukaa na kitu kigumu kikamchosha akakirudia, hakuna aliyemwomba, na tulimcheka Bakar aliyekuwa akilifanya mbele ya macho yetu.

Sasa nikueleze lililotokea mwisho wa mwezi uliopita, ndipo nifunge.

Bakar alikuja kwa mapumziko mafupi. Amepita mwaka wa kwanza, si kwa alama za kutangaziwa, lakini amepita. Kabla ya kwenda kwao Uroa alipita hapa kumwamkia mama. Nilidhani Simai atajificha kama alivyomfanyia mwalimu wake. Alikawia chumbani, kisha akatoka na kitabu cha mwaka wa kwanza, kile kikubwa chenye jalada la kijani, akakaa uani karibu na Bakar pale penye ndoo. Hawakuulizana habari. Simai alifungua mahali, akaweka kidole.

"Hapa," akasema.

Bakar akaanza kumweleza. Bakar hueleza taratibu, kama mtu anayepanga mawe. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi, na mama yuko kwenye kiti chake kidogo anachambua mchele. Bakar alipomaliza, nikangoja nisikie lile neno la Simai la siku zote, kwamba ameona.

"Sijafahamu," Simai akasema. "Rejea."

Bakar akarejea. "Sasa?"

"Bado. Hapo katikati. Kwa nini umeileta huku?"

Mkono wangu ukasimama juu ya mbuzi. Nilitaka kuwaita chakula, mama akanishika nguo. "Waache," akasema, na macho yake yamejaa. Waliendelea mpaka mvua ikawaingiza ndani, na ndani wakaendelea. Bakar alipokwenda zake Uroa, Simai alibaki na kile kitabu, na tangu siku hiyo anakaa nacho kila alasiri. Haendi mbio. Siku nyingine ukurasa mmoja unamchukua tangu adhuhuri mpaka magharibi, anakunja uso, anafuta, anaanza tena. Namwona anavyoteseka, na sijapata kumpenda kama ninavyompenda sasa.

Lakini nafasi imekwenda, Mjomba. Ni hilo linalonitoa machozi nikiwa njiani kwenda kazini. Wenzake wako mwaka wa pili. Ameandika kuomba akubaliwe aanze upya, na mpaka leo hajajibiwa, wala hatujui kama atajibiwa. Wizara imempa kazi ya kusomesha hesabu skuli ya msingi huko Uroa kuanzia mwezi wa kwanza. Ataifanya, na nadhani ataifanya vizuri. Neno lile moja, "Sijafahamu," angelilisema mwaka jana, pale chuoni, katika wiki ile hatua ilipompita, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Nina ombi moja. Mwandikie Simai. Ni wewe anayekuogopa zaidi, kwa kuwa ni wewe anayekupenda zaidi. Usimwulize alama, na nakuomba sana usimwambie kwamba yeye ana akili, ataweza tu. Maneno hayo ameyasikia kutoka kwetu sote. Mama ananambia kwamba wewe ulipoingia reli ulirudishwa mtihani wa ukarani mara mbili, na mara ya pili ulitaka kuacha kazi urudi Unguja. Sisi watoto hatukupata kuhadithiwa. Mhadithie yeye. Mwambie ulilala vipi siku ile, na asubuhi uliamkaje.

Nisalimie mkaza mjomba Borafya, umwambie kanga aliyonipa ninayo bado na naivaa sikukuu. Wapakate watoto wote kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana, anakwambia uifunge shingo wakati wa baridi. Mwalimu Nahodha anakukumbuka, na Bakar amenambia nikuamkie ingawa hamjapata kuonana.

Mungu akupe afya ya mwili na utulivu wa moyo, akuongoze katika safari zako za reli, na mwezi mtukufu ukuingilie ukiwa na wote uwapendao.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye nawe ukiwa mbali,

Mwanakheri